Nafasi ya Kwanza ya Nini?

Nimeisoma ile programu ya maonyesho yetu ya picha za kuchapa, ambayo kamati iliituma kwenye grupu juzi usiku. Mahali: Mudende. Mwezi: Desemba. Kwa mahali na mwezi sina neno. Wale waliopigania twende Mudende badala ya sale ya hoteli kule Gisenyi karibu na ziwa, nawapa mkono. Shida yangu iko ukurasa wa pili. Pale kumeandikwa: majaji watatu kutoka nje ya kikundi. Mshindi wa kwanza faranga 100,000, wa pili 60,000, wa tatu 40,000. Picha ya kwanza itatiwa kwenye fremu na kukabidhiwa mgeni rasmi. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo kama zile za kwenye dawa: kibao cha mshindi kitakwaruzwa msalaba baada ya nakala tano, "ili kazi iwe na thamani".

Ninapinga yote manne. Sipingi chinichini kwenye inboksi ya mtu mmoja mmoja, napinga hapa mbele ya kila mtu, na anayetaka kunijibu anijibu hapahapa.

Tuanze na kazi yenyewe, maana grupu hii ina watu wapya ambao hawajashika patasi. Unachukua kipande cha balatum iliyochakaa, au triplex ambayo seremala ametupa. Unachonga kwa wembe, kwa kisu, kwa msumari ulionolewa. Ulipochonga patabaki peupe, ulipoacha patashika wino. Unapitisha rola, unalaza karatasi, unasugua kwa mgongo wa mwiko mpaka mkono uchoke, unainua. Picha inatoka imegeuka, kulia kumekuwa kushoto, ndiyo maana kila mwanachama mpya picha yake ya kwanza huwa na jina linalosomeka kwenye kioo tu. (Bado nawacheka, mnisamehe.)

Kisha unapaka wino tena, na hapo ndipo kazi yetu inapoachana na kazi nyingine za picha. Ya pili inatoka sawa na ya kwanza, ya kumi vilevile. Tunaandika chini kwa penseli 3/20, 11/20, maana yake hii ni ya tatu katika ishirini, hii ya kumi na moja. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza juu ya nini 3/20 imeishinda 11/20. Mwenzetu anayechora kwa rangi ana picha moja, akiiuza, imekwenda. Sisi tunampa jirani, tunamtumia shangazi yuko Mahama, tunabandika sokoni, na nyumbani bado ipo.

Sasa kamati inataka kuchukua kitu kilichozaliwa kuwa kingi, ikifanye kimoja, na icho kimoja kiende ofisini kwa mtu.

Kuhusu kukwaruza kibao: najua kamati haikulibuni jambo hili. Ni desturi ya zamani ya galeri za Ulaya na Marekani. Mnunuzi aliyelipa bei kubwa anataka uhakika kwamba kesho hakutatoka nakala nyingine ya kuishusha bei yake, basi fundi anapiga mstari juu ya kibao na habari imekwisha. Kwa mtu anayekusanya picha huko Paris naielewa. Hapa kwetu huyo mnunuzi ni nani? Tutaje jina lake. Tunamlinda mtu ambaye hajafika bado, kwa kuharibu kibao cha kijana aliyepo, aliyekaa wiki tatu anachonga kwa taa ya simu.

Na nasema Mudende hasa, kwa sababu Mudende si uwanja tu wa kufungia hema. Wengine mlizaliwa baada ya hapo na wengine mlifika Rwanda juzi, kwa hiyo acha niiseme kwa kifupi. Aprili 1994, wakati wa jenosaidi dhidi ya Watutsi, watu waliuawa palepale kwenye chuo kikuu cha Waadventista. Miaka miwili baadaye Mudende ikawa na kambi ya Wakongomani, wengi wao Watutsi waliotoka Masisi. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Agosti 1997, abacengezi waliishambulia kambi wakaua zaidi ya watu 100. Walionusurika wakaachwa palepale. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Desemba mwaka uleule wakarudi tena. Hesabu za waliouawa Desemba hazikulingana: kuna waliosema 270 na kitu, kuna waliosema wanapita 300. Someni hizo namba mbili polepole. Katikati yake mnaweza kupita watu thelathini, kila mmoja na jina lake na sauti yake ya kuita mbuzi.

Baada ya hapo watu walihamishiwa Gihembe, kule Byumba, kwenye baridi nyingine. Wakakaa miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 2021 Gihembe ikafungwa na waliobaki wakapelekwa Mahama, Kirehe, kwenye joto na mbu, mwisho mwingine kabisa wa nchi. Waulizeni wazee waliopita njia hiyo yote wawaonyeshe picha za Mudende. Wengi hawana hata moja. Hawakutoka na albamu usiku ule. Waliokuwa na vitu vichache Gihembe walichagua tena cha kubeba na cha kuacha.

Hii ndiyo hoja yangu, na nikishindwa kueleza yote mengine naomba hii ibaki: watu wanaohamishwa mara kwa mara hawawezi kuweka kumbukumbu yao mahali pamoja. Picha moja ndani ya fremu moja, kwenye ukuta wa mtu mmoja, inaweza kwisha siku moja. Picha hiyohiyo ikiwa kwenye nyumba 26, moja ikilowa, nyingine ikiachwa, nyingine ikiliwa na panya wa Mahama (mnawajua), bado zipo. Kazi ya kuchapa inatufaa sisi kuliko watu wengine wote, na sisi ndio tunaiga desturi za watu ambao hawajahama hata mara moja.

Mtasema nazungumza nadharia. Sawa, twende kwenye mifano ya kweli. Johannesburg kuna karakana ya kuchapa inaitwa Artist Proof Studio. Ilianzishwa mwaka 1991 na Kim Berman na Nhlanhla Xaba, mama Mzungu na kijana Mwafrika, wakati apathaidi ilikuwa haijazikwa. Machi 2003 moto uliiteketeza karakana, na Xaba akafia ndani. Kazi za miaka zilikwenda na moto. Lakini nakala zilizokuwa tayari kwenye kuta za watu, mbali na pale, moto haukuzifikia. Wenzake waliijenga upya, na vijana wakaendelea kujifunza.

Mfano wa pili ni wa wakimbizi kama sisi. Mwisho wa miaka ya 1970 Waafrika Kusini waliokimbilia Botswana waliunda kikundi pale Gaborone, kikaitwa Medu. Walikuwa na wanamuziki, waandishi, wapiga picha, na kitengo cha mabango yaliyochapwa kwa serigrafi, ileile ambayo vijana wa Goma wanachapia T-shati za kampeni. Hawakupenda kujiita wasanii, walijiita wafanyakazi wa utamaduni. Mabango yao yalibeba jina la kikundi, na yalivushwa mpaka kwa siri. Tarehe 14 Juni 1985 askari wa Afrika Kusini waliingia Gaborone usiku wakaua watu 12. Mmoja wao alikuwa Thami Mnyele, mchoraji wa Medu, na kazi zake zilizokuwa nyumbani askari waliondoka nazo. Medu ikafa pale. Lakini mabango yalikuwa yametawanyika zamani, na mwaka 2019 jumba la sanaa la Chicago lilifanya maonyesho makubwa ya mabango hayo. Askari walibeba kile kilichokuwa kimoja. Kilichokuwa kingi hawakukiweza.

Mtu aniambie, Medu wangechagua bango la kwanza, la pili na la tatu, na kukwaruza skrini baada ya nakala tano, leo tungejua nini?

Nije kwa majaji, na hapa nitasema kitu ambacho wengi mnakijua na hamtaki kukiandika. Mwaka jana tulikuwa na majaji pia. Dada mmoja katika kikundi chetu, ambaye aliingia kupitia Nkamira, alichonga lile hangari la Nkamira usiku. Hakuchonga sura hata moja. Alichonga miguu tu, jozi kumi na saba za miguu zimetoka nje ya blanketi, miguu ya wazee, ya watoto, mmoja una soksi moja. Nimeona picha nyingi za wakimbizi, za kamera na za mkono, sijaona iliyonikamata vile. Jaji mmoja aliisimamia dakika nzima, akasema: iko na nguvu, lakini haina matumaini. Ikashinda picha ya njiwa anaruka juu ya volkeno.

Sina ugomvi na aliyechonga njiwa, ni rafiki yangu na anajua kuchonga manyoya kuniliko. Ugomvi wangu ni na lile neno. Matumaini ya nani? Jaji alitaka kurudi kwenye gari lake akiwa na moyo mwepesi, na sisi tukamlipia huo wepesi. Yule dada hajarudi kuchonga tangu siku ile. Tumepoteza mkono bora tuliokuwa nao, kwa bahasha tatu.

Na tangu siku ile hesabuni njiwa. Pitieni tu picha ambazo zimewekwa kwenye grupu kwa ajili ya Desemba: njiwa, mikono miwili imeshikana, mama na mtoto mgongoni anatazama jua, Nyiragongo na moshi. Vijana si wajinga, wamesoma soko. Tukiwaambia kuna 100,000 kwa picha itakayompendeza mgeni, watachonga mgeni anachopenda. Ningekuwa na deni la dukani, hata mimi ningechonga njiwa.

Kwingine pia ni vile. Mwaka 2020 HCR ilifungua shindano la sanaa la vijana dunia nzima, mada ikiwa korona na wakimbizi. Mwaka 2021 mada ikawa michezo: chora mpira wa ndoto yako, na michoro iliyoshinda ikawekwa kwenye mipira ya kweli. Lile la mipira nalipenda kidogo, nikiri, maana angalau picha ilizidishwa na watoto wakaipiga mateke. Lakini tazameni mada inatoka wapi. Inatoka juu, imeshaandikwa, na wewe unajaza. Hapo tunaelewa, shindano ni lao na wana haki ya kuweka mada yao. Maonyesho ya wanachama ni yetu. Juu ya nini tunajiwekea wenyewe mdomo wa mtu mwingine?

Najua majibu yenu, mengine nimeshayapata kwa simu.

Kaka mmoja ameniambia 100,000 ni kodi ya nyumba ya miezi, na mimi nazungumza kama mtu aliyeshiba. Kaka, nakusikia. Sisemi msanii asilipwe. Nasema hesabu: zawadi zote tatu ni 200,000, na tuko wanachama 25. Ukigawa ni 8,000 kila mmoja. Ni kidogo, ndiyo, lakini watu 25 wanalala wamelipwa badala ya watatu. Na nakala zinauzwa! Kibao kisipokwaruzwa, mwaka wote unaweza kuchapa na kuuza, nakala kwa bei ambayo mwalimu wa Nyundo au dereva wa moto anaweza kulipa. Mtu mwenye picha moja anasubiri mgeni. Mwenye kibao anasubiri karatasi tu.

Mwingine amesema ushindani ndio unaokuza kipaji. Hii naiheshimu kwa sababu inasemwa na watu wanaojua kazi. Lakini angalieni watu wakubwa wa kuchapa walikuzwa na nini. John Muafangejo, Mkwanyama wa mpaka wa Namibia na Angola, alijifunza lino Rorke's Drift, kituo cha Walutheri kule Afrika Kusini, miaka ya mwisho ya 1960. Picha zake nyingi zimejaa maneno, ameyachonga ndani ya picha kama mtu anayeandika barua: fulani alifanya hivi, hapa ndipo tulipokuwa. Sifa za Ulaya zilikuja baadaye. Kwanza alipewa meza, wino, na watu wa kukaa nao. Thami Mnyele niliyemtaja juu naye alipita Rorke's Drift. Na karibu zaidi na sisi, kwa lugha yetu hii, kuna George Lilanga wa Dar es Salaam, Mmakonde. Wanaosimulia maisha yake wanasema aliingia Nyumba ya Sanaa, ile iliyoanzishwa mwaka 1972, kama mlinzi wa usiku. Mlango ulikuwa wazi, vifaa vilikuwepo, wakaona anachofanya. Akachonga, akachora, akachapa, shetani zake zenye masikio makubwa zikazunguka dunia. Kama mlango wa kuingilia ungekuwa shindano, mlinzi angebaki getini.

Tunachokosa sisi ni ukosoaji. Hatukosoani kwa sababu tunaogopa kuumizana, halafu tunamwita mtu wa nje aje kutuumiza kwa dakika tano na kuondoka. Tufanye hivi: siku moja kabla ya kufungua, picha zote ukutani bila majina. Aliyechonga ananyamaza. Wengine wanasema wanachokiona, wino umejaa wapi, mstari umelegea wapi, jicho linakwenda wapi kwanza. Saa tatu, nne. Watu watatoka wamechoka na wamejifunza kuliko kwenye sherehe yoyote ya bahasha. Na wale walimu wa shule ya sanaa ya Nyundo hawako mbali, tuwaalike siku hiyo wakae nasi na kuongea kama mafundi. Wasije na karatasi ya alama.

Jibu la tatu ndilo linaloniudhi, ninyi mniwie radhi. Eti bila zawadi mgeni rasmi hatakuja, na bila mgeni hakuna msaada wa mwaka ujao. Kwa hiyo zawadi si za wanachama tangu mwanzo, ni za picha ya mgeni akikabidhi bahasha kubwa ya kartoni. Basi tuseme hivyo wazi kwenye programu. Wageni waje, ni haki yao na ni furaha yetu, wapewe chai na mandazi, wapewe nakala ikiwa wanataka, wailipie kama kila mtu. Mgeni asiyeweza kukaa katika nyumba ambayo hakuna mtu anayeshindwa, huyo tumsindikize salama.

Sasa napendekeza nini. Zile 200,000 zinunue karatasi nzuri na wino, si ule wa kuchanganya na mafuta ya taa. Kila mwanachama achonge kibao kimoja, mada yake mwenyewe, njiwa ruhusa, miguu ruhusa. Kila mmoja achape nakala 26. Nakala 25 ni za wanachama, kila mtu aende nyumbani na picha za wenzake wote pamoja na yake. Ya 26 ni ya sanduku la kikundi. Karatasi 650, nimehesabu mara mbili. Vibao visikwaruzwe, vifungwe kwa shitingi, viandikwe jina, virudi kwa wenyewe.

Na siku ya Mudende yenyewe tuwe na kibao cha 26 ambacho hakina mwenyewe. Wazee watakaokuja, wa Rubavu na wale tutakaoweza kuwalipia basi kutoka Mahama, mwenye jina la mtu wake wa Agosti au Desemba 1997 na anayetaka liandikwe, alitaje, sisi tulichonge. Asiyetaka, tusimsumbue. Kinyume, jamani, herufi zichongwe kinyume, tuweke mtu mmoja anayekagua kwa kioo, kwa sababu hapo hatuna ruhusa ya kukosea. Tuchape palepale, kila familia iondoke na nakala mkononi kabla wino haujakauka vizuri. Mzee akitaka tatu, apewe tatu: moja yake, moja ya mtoto aliye Kigali, moja ya yule aliyepelekwa Marekani miaka ile na bado anapiga simu kila Krismasi.

Hapo fikirieni jaji anapita kati ya wale wazee na kalamu yake.

Kamati, mmefanya kazi kubwa na najua barua mlizoandika na milango mliyogonga. Siombi muanze upya, naomba mfute ukurasa wa pili. Mkutano ni Jumamosi saa nane mchana, chumba kilekile. Nitakuja na bei za karatasi kutoka maduka mawili ya Gisenyi na moja la Goma. Anayetaka zawadi zibaki naye aje na hesabu yake, tuziweke mezani pamoja. Na kama kuna mtu anaishi karibu na yule dada wa miguu, ampitie Ijumaa jioni amwambie kuna triplex mpya, laini, haina fundo, nimemwekea kipande.